Mapipa Mawili ya Thina

Mume wangu watu wanamwita Mizani, na hata mimi niliyeishi naye miaka kumi na tisa namwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, linapumzika. Ukimpa kitu chochote mkononi, kuku, tofali, furushi la nguo chafu, atakipandisha na kukishusha mara mbili, atafumba jicho moja, kisha atakuambia: kilo mbili na robo. Kapime. Utakuta kilo mbili na robo. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu mvua ilijaza ua, akanibeba kunivusha, na katikati ya maji akaninong'oneza sikioni, "Sitini na moja." Nikamwambia, "Ebo! Kwani mimi gunia?" Akasema, "Gunia halina mdomo." Nilicheka nusura tuanguke wote wawili.

Alijifunzia buchani kwa baba yake. Mizani ya mzee ilikuwa na ujanja wake chini ya sahani, na siku moja mtoto akamwambia mteja waziwazi kwamba kilo ile haikutimia. Alichapwa mbele ya watu. Angekuwa mwingine angejifunza kunyamaza, lakini yeye alijifunza ukaidi. Toka siku hiyo alikuwa na dini moja tu: kilichoingia kiandikwe, kilichotoka kiandikwe, na hesabu ikikataa usilale. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba mtu aliyeniulia miguu hakuwa mwizi wala mwongo. Alikuwa mkweli kupita kiasi, na ukweli wake ndio uliotuponza.

Tulifanya kazi wote kiwanda cha viatu. Yeye alikuwa bohari, anapokea ngozi, soli, nyuzi, gundi, na kuvitoa kwa kipimo. Mimi nilikuwa chumba cha gundi. Wanawake ishirini na wawili, meza mbili ndefu, kila mmoja na kopo lake na brashi yake. Katikati ya meza yalikaa masinia ya thina, yale maji makali ya kulainishia gundi na kuoshea brashi. Yalikaa wazi kutwa, maana nani afunike kitu anachokichovya kila dakika? Harufu yake ina utamu wa kukata kichwa. Mgeni akiingia anakohoa, sisi tunamcheka. Tulikuwa na madirisha sita yanayotazama ukuta wa nyuma, na upepo ulipopita tulisema mwenye nyumba amekuja. Viatu tulivyovigundisha vilikuwa vya ngozi, vya watu wa maofisini. Sisi wenyewe tulivaa kandambili.

Kila mwezi mapipa tisa ya thina yalitoka bohari kuja kwetu. Kwa kipimo cha kiwanda, kwa idadi ya viatu tulivyotoa, yalitakiwa saba. Mawili hayakuwa na maelezo. Mtunza bohari wa zamani alipomkabidhi Mizani funguo alimfundisha dawa yake: "Andika 'upungufu wa kawaida', halafu nenda kanywe chai." Mizani akaandika hivyo miaka sita, na kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na sura ya mtu aliyemeza mfupa. "Kawaida gani hiyo?" ananiuliza mimi, kana kwamba nimeyaficha mapipa chini ya kitanda.

Basi akaja meneja mpya. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye yale maneno, akauliza, "Kawaida ya nani?" Mume wangu alikaribia kulia kwa furaha. Hatimaye mtu ameuliza! Akapewa ruhusa ya kupima, naye akapima miezi mitatu, hata Jumapili, hata akiwa na homa. Alipima mapipa yakitoka na yakirudi, akathibitisha kwamba hayavuji, hayaibiwi njiani, hayapungui bohari. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mapipa mawili kila mwezi yanapotelea ndani ya chumba cha gundi. Akamkabidhi meneja kwa mikono miwili. Siku ile alikuja nyumbani akiimba. Nilimwambia, "Leo umeota pembe." Akasema, "Leo nimelipwa deni la miaka sita."

Meneja alisoma karatasi ile akaona neno moja ambalo halikuandikwa: wezi.

Juma lililofuata wakaja mafundi na mabati. Wakayapigilia misumari kwenye madirisha yote sita kwa nje, kwa sababu, walituambia, tunapitisha chupa humo kuwapa wenzetu. Getini akawekwa mlinzi wa kike wa kutupekua mpaka ndani ya vilemba. Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Mapozi, alikutwa na kichupa cha dawa ya macho kimejaa thina. Alikuwa anaondolea rangi ya kucha. Akafukuzwa palepale, na meneja akasimama juu ya kiti akatuambia, "Mnaona?" Tukaona nini? Kumaliza mapipa mawili kwa kichupa kile, Mapozi angepaka na kufuta kucha za nchi nzima pamoja na za ng'ombe. Lakini nani amjibu bosi? Tukainama tukapaka gundi. Mwisho wa mwezi yakapungua mapipa mawili yale yale, na upekuzi ukazidi.

Mimi kilianza kichwa. Halafu ncha za vidole, kama nimevaa glavu ambazo sikumbuki kuzivaa. Halafu kandambili. Siku moja nilifika nyumbani nikakuta mguu mmoja mtupu, nimetembea mtaa mzima bila habari. Majirani walicheka, nami nikacheka nao, nikasema mapenzi haya, nimezeeka naye mpaka nasahau viatu. Wahenga wamesema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau kandambili. Miezi kumi na moja baada ya mabati kuwekwa, niliamka asubuhi nikaiambia miguu yangu isimame, ikakataa.

Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, magoti yakamtazama tu. Akauliza, "Mama, unakunywa pombe?" Nikamwambia, "Ningekuwa nakunywa ningejua nalipia nini." Akaandika kwamba ni mishipa ya fahamu, na kwamba nipumzike. Nimepumzika. Nimepumzika mpaka godoro limechukua umbo langu.

Na hapa mniache niseme langu, maana sitaki muone nimembebesha Mizani peke yake. Nafasi yangu kwenye benchi nilimwombea mdogo wangu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimtuma mume wangu kwa meneja akaseme, "Mke wangu ameugua, lakini ana mdogo wake, ana mikono myepesi." Mdogo wangu ana mtoto na hana mume, na kazi ilikuwa imemkimbia miaka miwili. Alikuja kunishukuru amepiga magoti pembeni ya kitanda hiki. Akakalia benchi langu, akashika brashi yangu.

Miezi saba baadaye ndipo alipofika yule binti. Sisi tulimwita Binti wa Mishale. Wanunuzi wa viatu vyetu walitaka kujua, kwa kila jozi, ni kiasi gani cha mali kimekuwa kiatu na kiasi gani kimekuwa taka, taka hiyo imegharimu nini na imedhuru nini. Binti akaja na viatu vya raba, kalamu za rangi nne na karatasi refu kama shuka. Akalibandika ukutani bohari akaanza kuchora visanduku: bohari, kukata, gundi, kushona, kufungasha. Kati ya visanduku akachora mishale. Kitu kingi, mshale mnene. Kitu kidogo, mshale mwembamba. Sheria yake ilikuwa moja: kilichoingia kwenye kisanduku lazima kitoke, kikiwa kiatu, kikiwa taka, kikiwa maji ya mtaroni, kikiwa moshi.

Mizani alimpenda binti yule kama mtu anayekutana na ndugu wa tumbo moja ukubwani. Alikuja kunisimulia kila jioni wakati ananilisha. Theluthi ya ngozi, mke wangu, tunaitupa! Tunainunua, tunaikata, tunaichoma! Mimi namsikiliza, uji unamwagika shingoni. "Futa kwanza," namwambia, "halafu uokoe dunia."

Wakafika kisanduku cha gundi. Mapipa tisa yanaingia, saba yana maelezo, mawili yananing'inia bila mshale. Mizani akamwambia, "Meneja anasema hayo ni wezi, dada." Binti akasema, "Sawa, baba, hata mwizi ni mshale. Tumpime."

Akaomba soli moja, mizani ndogo ya mezani na brashi. Akapaka gundi, akaweka soli juu ya mizani, akaandika uzito. Wakakaa. Mlango umefungwa, hakuna aliyegusa. Namba ikaanza kushuka mbele ya macho yao, gramu, gramu, kimyakimya. Baada ya dakika kumi gundi ilikuwa imekauka na soli imekuwa nyepesi. Halafu wakapima sinia la thina asubuhi, wakalirudia saa sita. Robo haikuwepo. Hakuna mkono uliolifikia, Mapozi mwenyewe alikuwa kwake amelala njaa.

"Yale mawili ni ya kwenye masinia," binti akasema. Mizani akauliza, "Na yale saba yenye maelezo?" Akamjibu, "Baba, thina haibaki kwenye kiatu. Gundi ikikauka maana yake thina imeondoka. Toa kidogo iliyonywewa na matambara. Mengine yote yamekwenda njia moja." Akachukua kalamu nyekundu, akachora kutoka kisanduku cha gundi mshale mnene kuliko yote ukutani, kuelekea juu, akaandika HEWA. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa, huku anafunga kalamu. "Chumba kile kina madirisha mangapi?"

"Sita."

"Yanafunguliwa?"

Mume wangu akafunga kitabu cha bohari. Alikuja nyumbani saa kumi, kabla ya muda wa kazi kwisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akakaa ukingoni mwa kitanda akanisimulia yote, soli, sinia, mshale, akitazama sakafu. Mimi si msomi, lakini si mjinga.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaivuta," nikasema.

"Ndiyo."

"Na yale mabati waliyaweka kwa sababu ya karatasi yako."

"Sikuandika madirisha, mke wangu. Wallahi sikuyataja madirisha."

"Uliandika chumba cha gundi! Uliandika kwa mwandiko mzuri!"

Nilimrushia kikombe. Mikono yangu haina nguvu, kikaangukia shuka, nikamtukana kwa sababu kikombe hakikumfikia. Nilimchukia, nasema wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na getini walitupekua nguo wakitafuta tunachoiba, kumbe sisi ndio tulioibiwa. Yeye hakujitetea. Laiti angejitetea, ningepata pa kushika. Nililia mpaka nikakumbuka jambo lililonikausha machozi: saa ile ile mdogo wangu alikuwa kwenye benchi langu, madirisha yamezibwa, sinia liko mbele yake.

Alipopita jioni nikamwambia aache kazi. Akacheka. "Dada, niache nile nini, mishale?" Nikamwambia asipoacha namlaani. Akasema laana haichemshi sufuria. Basi tukapatana: kila jioni apite kwangu nimkague. Alikaa chini, akinyoosha miguu karibu na kitanda, akifumba macho, nami nikimgusa vidole kwa kijiti cha ufagio. "Hiki?" "Cha mwisho." "Hiki?" "Kikubwa. Dada, unanitekenya!" Kila jioni alipata vyote kumi. Mimi nikishapata kumi nalala. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa ndio kitu pekee nilichokuwa nacho duniani ambacho bado kilikuwa kizima.

Mizani alikwenda kwa meneja akaomba mabati yaondolewe. Meneja akasema tusubiri ripoti. Ripoti itakuja lini? Wakurugenzi wakikaa. Wanakaa lini? Baada ya wiki sita. Mizani akasema, "Bosi, wiki sita ni mapipa kumi na matatu." Meneja akamwambia, "Wewe si ndiye uliyesema yanaibiwa?" Hakusema hivyo hata siku moja, lakini atabishana vipi na karatasi yake mwenyewe?

Akasubiri siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, saa ya chakula, alichukua mtaimbo bohari, akauandika kitabuni kwamba umetoka, jina lake na saa, maana hata siku ya kufukuzwa hawezi kuacha. Akazunguka nyuma akabandua bati la kwanza. Wanawake waliokuwa wanakula ndani waliona mwanga unaingia wakadhani nyumba inaanguka. Mlinzi wa kike alikuja, akamtazama, akageuka kuangalia getini kana kwamba gari linakuja. Akabandua yote sita. Akarudisha mtaimbo, akaandika umerudi, akaenda ofisini mwenyewe kusubiri barua. Uharibifu wa mali ya kampuni. Miaka kumi na sita ya kazi ikaisha kwa mistari minne.

Mabati hawakuyarudisha, kwa kuwa watu wa wanunuzi walikuwa wanakuja kukagua. Ripoti nayo ikatoka. Binti alikuwa ameandika ukurasa mzima juu yetu, juu ya mikono na miguu, na ukurasa ule sijui umekalia meza ya nani. Lililowashtua wakurugenzi ni jinsi walivyokuwa wananunua mapipa tisa na kuyarushia mbinguni. Wakaagiza masinia yawe na vifuniko na mtambo wa kunyonya hewa uje. Binti alimpa Mizani nakala ya mchoro, akaubandika ukutani hapa mbele ya kitanda changu, kana kwamba sina vya kutosha vya kutazama. Mshale mwekundu unakwenda juu, unaishia patupu. Siku moja aliamka akachora kwa penseli kisanduku kidogo pale unapoishia, akaandika ndani yake 22.

Asubuhi ananibeba kunipeleka kuoga. Siku moja nikamuuliza, "Ngapi?" Akajifanya hakusikia. "Ngapi, Mizani?" Akasema, "Arobaini na sita." Nikamuuliza, "Kumi na tano zimekwenda wapi? Si mnasema hakuna kinachopotea?" Akasimama na mimi mikononi, maji yanatiririka kwenye ndoo. Nikamwambia, "Andika upungufu wa kawaida." Lilikuwa neno la ukatili, najua. Nililiona linamwingia. Mpaka leo sijaliomba radhi, na sijui kama nitaliomba.

Lakini nilikuwa nimeanza kulainika. Nilijiambia, miguu yangu imekwenda, maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya mdogo wangu tumeiokoa. Mtaimbo wa Mizani umeiokoa. Hilo nilitaka nimwambie siku moja, nikikuta mdomo wangu umetulia.

Jumamosi ile mdogo wangu alikuja mbio mbio na habari. Vifuniko vimekuja! Mtambo umefungwa, unavuma kama nyuki, na upepo unaingia madirisha yote sita, mpaka wanawake wengine wanalalamika baridi. "Shemeji," akamwambia Mizani, "wanakutaja kila siku. Wamekupa jina jipya, Mtaimbo." Mizani akatabasamu, mara ya kwanza tangu barua. Nikachukua kijiti cha ufagio. Mdogo wangu akasema, "Leo niache, dada, nina haraka, mtoto yuko kwa jirani." Nikamwambia hata kidogo, kaa. Akakaa, akafumba macho. Jua la jioni lilikuwa linaingia mlangoni na kivuli cha mkono wangu kilikuwa kwenye miguu yake. "Hiki?" "Kikubwa." "Hiki?" "Cha kati." Kumi kwa kumi. Nikamwambia nenda, Mungu akulinde.

Akavaa kandambili zake, akamuaga shemeji yake, akatoka akiwa bado anaongea, habari za upepo, habari za mtoto. Sauti yake ilishuka na njia, ikavuka mfereji, ikaingia mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, nimeelekea mlangoni.

Pale kizingitini ilikuwa imebaki kandambili moja.

Nilikuwa nimemfumbisha macho kila jioni kwa miezi, na sikuwahi kumfunga kitambaa. Alikuwa anachungulia. Alikuwa anatazama kijiti.

Nilimwita, lakini alikuwa ameshafika mbali. Mizani naye alikuwa ameiona. Aliinama akaiokota, akaiweka kiganjani, mkono ukapanda na kushuka mara mbili wenyewe, kwa mazoea. Hakusema ni gramu ngapi. Akatoka nayo mbio kumfuata.